Kabla Mnyama Hajaingia Uani

Anayerudi Olumbi baada ya miaka ya ukimbizini ana utaratibu wake. Kwanza paa, kisha maji, kisha mihogo. Mnyama huja baadaye, na mara nyingi huja bila mpango. Mjomba ametoa mbuzi jike mdogo awe wa watoto. Jirani bata wamemzidi, anagawa. Au mtoto mwenyewe ameingia na kobe mikononi, kamwokota upande wa mikorosho, na anauliza, "Babu, tumweke wapi?" Siku hiyo nyumba nzima hufurahi. Mnyama hupewa jina, hufungwa kamba chini ya mwembe, huletewa wali uliobaki. Ukipita tena baada ya miezi miwili unakuta mbuzi kavimba tumbo, kobe hafumbui macho, na bata wako wazima lakini kuku wote wa nyumba wamekufa.

Makosa yanayoleta hali hiyo hufanyika kabla mnyama hajafika, ndiyo maana nataka kuyaeleza kwa kituo. Na katika pwani hii ya kaskazini ya Cabo Delgado kuna sababu moja zaidi ya kuyaeleza, ambayo vitabu vya ufugaji vilivyoandikwa kwa nchi tulivu haviitaji.

Olumbi iko katika wilaya ya Palma, kusini mwa mji wa Palma, katika pwani ya visiwa kama Vamizi. Ng'ombe ni wachache sana upande huu wa Msumbiji. Sababu kubwa ni mbung'o, anayewaambukiza ng'ombe ugonjwa wa nagana. Mali ya miguu ya mtu wa hapa ni mbuzi, na baada ya mbuzi ni kuku na bata. Vita vilivyoanza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017, na shambulio la mji wa Palma la tarehe 24 Machi 2021, viliwatawanya watu kwa maelfu, na hakuna anayekimbia usiku na banda la kuku kichwani. Kwa hiyo waliorudi wameanza mifugo upya, mmoja mmoja. Mbuzi wa kwanza wa nyumba kama hiyo ni kipenzi cha watoto, ni akiba ya mama, na ni dalili kwa majirani kwamba wenyewe wamekusudia kukaa. Kumwita mfugo tu hakutoshi, na kumwita mnyama wa kuchezea ni kumdhulumu.

Waislamu wa pwani hii wanaijua hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie wadudu wa ardhini. Wanaijua pia ile ya mtoto Abu Umayr aliyekuwa na ndege wake mdogo, na Mtume akawa anamuuliza habari za ndege huyo. Kufuga kwa mapenzi hakukulaumiwa. Kilicholaumiwa ni kumzuia kiumbe asijitafutie, kisha kutomtafutia. Mimi naona hapo ndipo kilipo kipimo chote cha kumleta mnyama nyumbani, awe wa mwituni au wa zizini. Ukimfunga, umejitwika kila kitu alichokuwa akijitafutia mwenyewe. Basi kaa chini kabla hajafika, uhesabu alikuwa akijitafutia nini, kisha ujiulize kama utaweza kumpa hicho siku mbaya: siku ya kiu, siku ya maradhi, siku ya tufani.

Kuna wanyama ambao hesabu hiyo haikubali hata kidogo. Kikasa ni mfano ulio karibu zaidi. Kasa hutaga Vamizi na katika fukwe nyingine za pwani hii, na mtoto anayekuta vikasa vikitambaa kuelekea majini huona si vibaya kuchukua kimoja na kukiweka kwenye ndoo. Lakini kikasa kinapotoka mchangani hakina cha kula. Tumboni kimebeba masalio ya kiini cha yai, akiba ya siku chache tu. Akiba hiyo kimepewa kwa kazi moja, kuogelea mfululizo kwa siku nzima na zaidi mpaka kiyapite maji ya karibu yenye samaki na ndege wengi wa kukila. Ndani ya ndoo kitaogelea vilevile. Kitauzunguka ukuta wa ndoo usiku na mchana, kikiimaliza akiba yake mahali pamoja. Yule anayekihurumia na kukirudisha baharini siku ya tatu anakirudisha kikiwa kimekwisha nguvu. Kasa wa kijani huchukua miongo ya miaka kufikia umri wa kutaga, na ni wachache mno kati ya wanaoanguliwa wanaofika huko. Kitu alichokuwa akikitafuta kikasa ni bahari, na hakuna ua wenye bahari.

Sheria nayo iko wazi. Msumbiji ilitunga Sheria ya Uhifadhi mwaka 2014 na kuirekebisha mwaka 2017 ili iwe kali zaidi. Anayeua au kufanya biashara ya viumbe vinavyolindwa anaweza kufungwa hadi miaka 16, na kasa yumo katika ulinzi huo. Natamani wazazi wawaeleze watoto habari ya kiini cha yai kwanza, kisha ndipo wawatajie jela. Mtoto aliyeelewa sababu hatahitaji kuogopeshwa.

Tumbili nitampitia haraka, kwa kuwa habari yake ni ya huzuni na haina pande mbili. Mtoto wa tumbili hashikwi mpaka mama yake auawe au apigwe akamwachia. Analetwa akiwa mdogo, anang'ang'ania nguo ya mtu kama alivyong'ang'ania manyoya ya mama, na watu husema anapenda watu. Akifika miaka minne au mitano amekomaa, dume ana meno marefu ya chonge, na anataka kujua nani mkubwa katika kundi lake. Kundi lake ni wewe na wanao. Atauma, na jeraha la tumbili ni jeraha la kukimbiliwa hospitali, kwa sababu kichaa cha mbwa hakiwachagui mbwa peke yao. Hapo huishia mnyororoni maisha yake yote, maana porini hana tena kundi linalomjua.

Kobe ndiye anayenishughulisha zaidi, kwa sababu anaonekana mnyama rahisi. Hapigi kelele, hali sana, hakimbii. Watu humleta nyumbani wakidhani amekuwa wao kwa kukaa kimya. Katika pwani hii unaweza kukutana na kobe mkubwa mwenye madoa kama ya chui, na pia kobe mdogo ambaye gamba lake la nyuma lina bawaba, anaweza kuufunga mlango wake wa nyuma akiogopa. Hawa wawili hawali chakula kimoja. Wa madoa ni mla nyasi na majani magumu. Wa bawaba hula pia uyoga, matunda yaliyoanguka, konokono na majongoo. Mwenye kuwapa wote wawili wali na mkate amewakosea wote wawili.

Tumhesabie kobe alichokuwa akijitafutia. Kwanza jua, si kwa joto tu: mwanga wa jua ukipiga ngozi yake ndio unaomwezesha kuitumia chokaa ya chakula kujenga gamba. Kobe anayefungiwa ndani ya chumba chenye giza, chini ya kitanda au ndani ya beseni, gamba lake hulainika, na wa umri mdogo hukua amepinda. Pili kivuli, kwa kuwa hana jasho na adhuhuri ya mchanga mtupu inaweza kumuua. Tatu madini: porini hutafuna mifupa mikavu na makombe ya konokono. Aliyekwisha kuwa na kobe nyumbani anaweza kumwekea ule mfupa mweupe mwepesi wa jamii ya ngisi unaotupwa ufukweni na mawimbi. Nne nafasi ya kutembea, na hii ndiyo watu huikata kwa kumtoboa gamba na kupitisha kamba. Gamba la kobe ni mfupa ulio hai, umeungana na mbavu na uti wa mgongo, una damu na una hisia. Kulitoboa ni kumtoboa mtu ubavu. Kobe wa namna hiyo hunyamaza tu, na kunyamaza kwake ndiko kunakowadanganya watu.

Kisha kuna miaka. Kobe mwenye madoa huweza kuishi zaidi ya nusu karne. Mtoto wa miaka minane anayemwokota leo atazeeka naye, na huenda akamwachia wajukuu. Kisiwa cha Changuu, mbele ya mji wa Unguja, kinaonyesha mambo yanavyoweza kwenda kombo hata kwa wenye nia njema. Mwaka 1919 gavana wa Ushelisheli alituma zawadi ya kobe wanne wakubwa wa Aldabra. Wakazaliana, na kufikia 1955 walikuwa kama 200. Halafu watu wakaanza kuwaiba, wengine kwa chakula, wengine kwa kuwauza nje kama wanyama wa nyumbani. Mwaka 1988 walikuwa wamebaki kama 100, mwaka 1990 kama 50, na mwaka 1996 walihesabiwa saba. Mwaka huohuo vilipelekwa vitoto 80, na 40 kati yao vikatoweka. Ndipo serikali ya Zanzibar, ikisaidiwa na shirika la kimataifa la kulinda wanyama, ikajenga uzio wanamoishi sasa. Zawadi ya kobe wanne ilidai ulinzi wa karne nzima, na ulinzi ulipolegea, karibu wote walikwisha.

Walioiba kobe wa Changuu walikuwa na wateja, na wateja hao bado wapo. Katika msitu wa Kimboza, Morogoro, kuna mjusi mdogo ambaye dume lake ni la buluu kali isiyosahaulika. Anaishi katika majani ya aina moja ya mkadi wa msituni. Miaka ya 2000 alipoanza kutafutwa Ulaya na Marekani, wakusanyaji walikuwa wakikata miti yenyewe ili wamfikie, kwa hiyo waliondoa mjusi na nyumba yake pamoja. Mwaka 2016, katika mkutano wa Johannesburg wa mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini, nchi zilikubaliana kuipiga marufuku biashara ya kimataifa ya mjusi huyo kutoka mwituni. Mwaka huohuo Tanzania ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje. Mwaka 2019 huko Geneva ikafuata zamu ya kobe chapati wa miamba ya Tanzania na Kenya, ambaye hutaga yai moja kwa mara moja, na kwa hiyo kila anayechukuliwa huacha pengo la muda mrefu. Na mwaka 2025 mahakama ya Nairobi iliwahukumu vijana wawili wa Kibelgiji waliokamatwa na malkia wa sisimizi wavunaji wapatao 5,000, wamewekwa ndani ya mirija midogo yenye pamba. Kila mmoja alitakiwa kulipa faini ya shilingi milioni moja za Kenya au kufungwa miezi 12. Sisimizi! Wapo watu mbali huko wanaowafuga ndani ya vioo.

Nayataja haya kwa sababu mradi wa gesi wa Afungi umeleta wageni wa kila aina katika wilaya ya Palma, na kijana asiye na kazi anaweza kuambiwa, "Nitafutie kobe mzuri, nitakulipa." Pesa atakayopewa haitamtosha mwezi. Kobe atakayemtoa hatarudi, na kosa litakuwa la kijana, maana ndiye atakayekutwa naye.

Kwa hiyo kauli yangu kuhusu mnyama wa mwituni ni moja: mwache alipo. Aliye na kobe nyumbani tangu zamani asiende kumwachia porini kwa haraka, kwani huenda amebeba maradhi ya kuwapa wa huko. Ampe jua, kivuli, majani, sahani ya maji ya kina kifupi, na awaulize maofisa wa uhifadhi la kufanya. Na anawe mikono kila anapomshika. Kobe hubeba vijidudu vya salmonela bila kuugua, na watoto chini ya miaka mitano huugua vibaya. Marekani ilikataza tangu 1975 kuuza kobe wadogo wa kuchezea watoto kwa sababu hiyo hiyo.

Mbuzi ana habari nyingine. Ameishi na watu kwa kiasi cha miaka 10,000, na alichokuwa akijitafutia tunaweza kumpa, mradi tukijue. Watu wengi hudhani mbuzi ni mla nyasi kama ng'ombe. Mbuzi ni mchumaji. Akiachwa huru hutembea kichaka kwa kichaka, anauma majani mawili hapa, gome kidogo pale, anasimama kwa miguu ya nyuma kufikia tawi la juu. Ukimfunga kwa kamba ya hatua nne chini ya mwembe, kwa siku mbili atakuwa amemaliza kila kizuri kilichopo, na siku ya tatu ataanza kula nyasi fupi za chini, zile zile alizozinyea jana.

Hapo minyoo inaingia. Mayai ya minyoo hutoka na kinyesi, yakaanguliwa, na viluwiluwi vyake vikapanda kwenye umande wa majani ya chini. Mbuzi anayekula juu havikuti. Mbuzi wa kamba fupi anavimeza kila asubuhi. Minyoo mibaya zaidi hunyonya damu ndani ya tumbo, na mbuzi anaweza kuonekana mnene huku damu inamwisha. Njia ya kumjua haihitaji vifaa. Mshike kichwa kwa upole mahali penye mwanga wa jua, bonyeza kidogo kope la juu kwa kidole gumba, vuta la chini kwa kidole kingine, utazame utando wa ndani. Ukiwa mwekundu au wa waridi uliokolea, yu salama. Ukiwa umefifia, mwite mtu wa mifugo. Ukiwa mweupe kama karatasi, au ukiona uvimbe wa maji chini ya taya, usingoje kesho. Mtoto wa miaka kumi anaweza kufundishwa kufanya hivi kila Ijumaa, na akishafundishwa atakuwa mfugaji wa kweli.

Wali ndio unaowaua mbuzi wa mapenzi. Tumbo la mbuzi lina vyumba vinne, na chumba kikubwa kimejaa vijidudu vilivyozoea kuyachachusha majani polepole. Ukimwagia humo sufuria ya wali wa harusi, au pumba na unga mwingi kwa ghafla, uchachu hupanda, tumbo husimama, na mbuzi aweza kufa siku ya pili. Nafaka apewe kiganja kimoja tu, na azoezwe kwa siku nyingi. Mihogo nayo ina lake: maganda mabichi ya mihogo michungu yana sumu ya kuua. Yakatwe vipande vidogo, yaanikwe juani mpaka yakauke, ndipo apewe. Mama yeyote wa Olumbi anajua namna ya kuuondolea muhogo ukali kabla ya kuwapa wanawe. Mbuzi anastahili uangalifu huo huo.

Mbuzi hutafuta pia mahali pakavu na pa juu pa kulala. Mvua za huku hunyesha Desemba hadi Aprili, na mbuzi anayelala kwenye tope hupata kikohozi na kuoza kwato. Banda zuri halina gharama kubwa: kichanja cha miti kilichoinuliwa kutoka chini, mianya myembamba ya kupitisha kinyesi bila kunasa mguu, paa la makuti, kuta zinazopitisha hewa lakini si mvua ya pepo. Kiasi cha mita moja na nusu za mraba kwa kila mbuzi mzima kinatosha. Kwa kuwa ardhi ya pwani ni mchanga laini, kwato haziliki kama za mbuzi wa mawe. Hurefuka, hupinda, na mnyama huanza kutembea kwa magoti. Kisu kikali na mkono mtulivu kila baada ya miezi michache humaliza shida hiyo.

Na mbuzi hutafuta wenzake. Hili watu hulipuuza kuliko mengine yote. Mbuzi mmoja peke yake hulia mchana kutwa, hapati amani ya kutafuna, hukonda akiwa na majani mbele yake. Anayetaka mmoja nyumbani aanze na wawili, au amfuge pamoja na wa jirani wachungwe kundi moja. Kama ni mtoto aliyefiwa na mama, lazima apate dang'a ndani ya saa za kwanza, hata la mbuzi mwingine aliyezaa, maana bila hilo hana kinga. Kama mtoto huyo ni dume, asilelewe peke yake mikononi mwa watu. Dume aliyekua akidhani watu ni mbuzi wenzake atakapobalehe atawapiga pembe kama apigavyo madume wenzake, na atakayeanguka ni mtoto aliyemnywesha maziwa.

Iko pia habari ya maradhi yanayoingia na mgeni. Sotoka ya mbuzi na kondoo ilithibitishwa Tanzania mwaka 2008, upande wa kaskazini. Haikuchukua muda ikawa imefika Newala na Tandahimba, ng'ambo tu ya mto Ruvuma. Watafiti walipofuatilia imefikaje huko, waligundua kuwa iliingia na mbuzi walionunuliwa mnada wa Pugu, Dar es Salaam, mwaka 2009. Ununuzi wa kawaida kabisa ulivusha ugonjwa mamia ya kilomita. Basi mbuzi mgeni, hata akiwa zawadi ya mjomba, akae peke yake wiki tatu mbali na wengine, akiwaona lakini asiguse chombo chao cha maji. Ukiona machozi, makamasi, vidonda mdomoni na kuhara, usimuuze kwa haraka ili ugonjwa uwe wa mwingine. Toa taarifa ofisi ya mifugo ya wilaya.

Jambo la mwisho kuhusu mbuzi ni la kusemwa ndani ya nyumba kabla hajapewa jina: je, ni wa kuchinjwa? Familia nyingi huliacha, kisha siku ya Idd mtoto analia na baba anakasirika. Mtoto akiambiwa tangu mwanzo kwamba jike litabaki na madume yatachinjwa au kuuzwa, ataumia kidogo na ataelewa. Akifichwa, hatasahau.

Ndege niwaseme kwa ufupi. Bata watatu waliotolewa bure wanaweza kuwagharimu kuku wote, kwa sababu bata hubeba ugonjwa wa mdondo bila kuonyesha dalili, na mdondo ukiingia kwa kuku hauachi wengi. Msumbiji ni moja ya nchi zilizoonyesha njia katika jambo hili. Chanjo ya I-2, inayostahimili joto kuliko chanjo za zamani, hutengenezwa Maputo, na kampeni za vijijini hufanywa Machi, Julai na Novemba: tone moja katika jicho moja la kila kuku, mkubwa kwa mdogo. Anayetaka bata au kanga awe wa watoto achanje kuku wake kwanza, angoje wiki mbili tatu, ndipo amlete mgeni. Kanga na njiwa wafungiwe wiki kadhaa wapajue nyumbani, la sivyo siku ya kwanza utakayofungua mlango ndiyo siku ya kuagana nao.

Nimefika kwenye jambo ambalo vitabu vya nchi tulivu havilitaji. Tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilitua katika pwani ya Cabo Delgado. Tarehe 15 Desemba 2024 kikaja Chido, upande wa kusini wa mkoa. Katikati yake watu wa Palma walikimbia kwa miguu na kwa mashua. Katika siku za namna hiyo mnyama aliye huru ana nafasi ya kupona: mbuzi hupanda mahali pa juu, kuku hujificha, bata huelea. Aliyefungwa kamba fupi, au aliyefungiwa kwa kufuli ambayo ufunguo wake uko kwa mtu aliyekwishaondoka, hufa kwa kiu siku kadhaa baadaye, bila mtu wa kumsikia. Huyo ndiye paka wa ile hadithi.

Kwa hiyo maandalizi ya mnyama Olumbi hayajakamilika mpaka yajibu nani atafungua. Mlango wa banda uwe na kipande cha mti cha kusukuma, usiwe na kufuli. Mbuzi wawe na alama ya sikio inayojulikana kwa majirani na wakubwa wa kijiji, ili aliyepona arudi kwa mwenyewe bila ugomvi. Achaguliwe mtu mmoja wa nyumba ambaye kazi yake, ikipigwa kelele ya kuondoka, ni kufungua tu, kisha anakwenda na wenzake. Asiye karibu na banda wakati huo asirudi. Hakuna mbuzi wa thamani ya roho ya mtu, na mtoto aambiwe hivyo waziwazi, kwa sababu mtoto ndiye atakayetaka kurudi. Na kamba, kama lazima iwepo, ifungwe kwa lile fundo la mabaharia linaloachia kwa kuvuta ncha mara moja. Pwani nzima watu wanalijua kwa kufungia mashua.

Kama una mbuzi, nenda usiku huu ukaliangalie fundo lake. Ukishindwa kulifungua gizani kwa mkono mmoja, lifunge upya.